Santuri za Jazi za Miaka ya Sitini na Sabini: Yasemwayo Barazani na Yaliyo Kweli

Barazani kwetu Malindi, baada ya sala ya isha, mazungumzo ya santuri huanza kwa upole na aghalabu humalizika kwa ubishi. Tupo watu wachache tunaokusanya santuri za jazi zilizorikodiwa Marekani na Ulaya katika miaka ya sitini na sabini, na kila mmoja wetu, pamoja na santuri zenyewe, amerithi maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyapima. Hapa nimeyaweka yale niyasikiayo mara kwa mara. Baadhi yake niliyasema mwenyewe kwa miaka mingi, tena kwa sauti kubwa.

«Jazi ni Morogoro Jazz na Western Jazz»

Kosa hili lina asili yake. Mtu aliyekua akisikia Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz, Atomic Jazz ya Tanga na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe hana sababu ya kudhani kwamba neno hilo lina maana nyingine. Katika majina hayo, hata hivyo, «jazz» ilikuwa alama ya bendi ya kisasa ya dansi. Muziki wenyewe ulikuwa wa magitaa na uimbaji, wenye mizizi katika rumba na katika santuri za Kuba ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzileta Afrika mwaka 1933 kwa herufi za GV. Jazi ya akina John Coltrane na Miles Davis ina mwendo mwingine: wimbo hupigwa mara moja ili ujulikane, kisha kila mpigaji hubuni papo hapo juu ya msingi wake, na mwisho wote huurudia. Mimi hupenda zote mbili, lakini kwangu zimewekwa kwenye rafu tofauti, na anayeagiza kutoka ng'ambo kwa kutazama jina pekee atapokea asichokitarajia.

«Jazi ya Wamarekani haituhusu»

Hili ndilo dai linalonikera zaidi, kwa kuwa Kiswahili kimo ndani ya santuri hizo zenyewe. Mwezi Novemba 1960, mwaka mmoja na ushei kabla ya Tanganyika kupata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirikodi New York mfululizo wa nyimbo alioupa jina la Uhuru Afrika. Shairi la santuri hiyo liliandikwa na Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, nalo linasikika pia kwa Kiswahili kwa sauti ya Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964. Mwaka huohuo, tarehe 15 Februari, miezi miwili tu baada ya uhuru wa Kenya, mpiga tarumbeta Lee Morgan alirikodi wimbo alioupa jina la Mr. Kenyatta.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini bendi ya Herbie Hancock ilikwenda mbali zaidi, kwani wapigaji wenyewe walijipa majina ya Kiswahili. Hancock aliitwa Mwandishi, na hilo ndilo jina la santuri yao ya mwaka 1971. Mpiga besi Buster Williams alikuwa Mchezaji na mpiga ngoma Billy Hart alikuwa Jabali. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye kwa kweli alikuwa pia daktari aliyesomea udaktari, aliitwa Mganga. Bennie Maupin aliitwa Mwile, ambalo nadhani ni «mwili» uliopotea njiani, na mpiga tromboni Julian Priester akaitwa Pepo Mtoto, jina ambalo hakuna mama wa Unguja angekubali mwanawe alichukue hata kwa utani.

Huko huko umejificha mtego wa mkusanyaji. Santuri iitwayo Kawaida, iliyorikodiwa Desemba 1969 na yenye nyimbo kama Baraka, Maulana na Dunia, ni ya mpiga ngoma Albert Heath. Hancock na Don Cherry ni wapigaji tu humo, lakini baadaye ilitolewa tena kwa kutanguliza majina yao, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakiuza. Jina kubwa kwenye jalada si ushahidi wa aliyeongoza kazi, na mwaka ulioandikwa pale pia si lazima uwe mwaka wa kurikodiwa. Santuri ya Lee Morgan niliyoitaja ilikaa kabatini hadi 1966, na kazi moja ya Coltrane iliyorikodiwa tarehe 6 Machi 1963 haikutolewa mpaka 2018.

«Mashine ya Marekani inahitaji transfoma tu»

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii ilinigharimu miezi mizima. Nilipata mashine nzuri ya kupigia santuri iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, nikanunua transfoma ya kushusha volti 230 zetu ziwe 120, na nikaiweka santuri ya Coltrane nikiwa na furaha ya bwana harusi. Saksafoni ilitoka nzito, ya uchovu, kama mtu anayezungumza usingizini. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hiyo ndiyo huzuni ya jazi inayosifiwa, nikawa naieleza barazani kwa maneno mazito.

Ukweli ni kwamba transfoma hubadilisha volti lakini haigusi masafa, yaani idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani una hezi 60 na wetu una hezi 50, na mashine nyingi za zamani zina mota inayozunguka kwa kufuata masafa ya umeme wenyewe. Ikitoka kwenye 60 na kuwekwa kwenye 50, mota hiyo hupoteza sehemu moja katika sita ya kasi yake. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika inazunguka chini kidogo ya mara 28, na sauti zote hushuka kwa takriban nusu-toni tatu. Dawa yake ni kubadilisha gurudumu dogo lililo kwenye mota, lile linalovuta mkanda, liwe la kipimo cha hezi 50, au kutafuta mashine yenye mota ya umeme wa moja kwa moja (DC), ambayo haitegemei masafa. Mashine zinazoletwa na jamaa zetu kutoka Uingereza, Oman au Dubai hazina tatizo hili, kwa kuwa huko nako ni hezi 50.

Lakini kasi isiyo sahihi haitokani kila mara na mashine. Kind of Blue ya Miles Davis ilirikodiwa kwa vikao viwili vya mwaka 1959, na ikaendelea kuuzwa miaka yote ya sitini na sabini. Katika kikao cha kwanza, cha tarehe 2 Machi, mashine kuu ya kanda ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyostahili. Kwa hiyo kanda ilipopigwa kwa kasi ya kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka juu kidogo ya sauti zilizopigwa studioni. Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1992, kwa kutumia kanda ya akiba iliyorikodiwa na mashine nyingine siku ileile. Anayelinganisha santuri ya mwaka 1965 na toleo la baada ya 1992, akasema kwamba la zamani «lina uhai zaidi», huenda anasikia kweli tofauti, lakini sababu yake si uchawi wa ukale.

«Toleo la kwanza ndilo bora, na lebo ndiyo shahidi»

Wanaokusanya santuri za Blue Note hutazama lebo ya katikati na anwani iliyoandikwa pale, kisha hutaja bei. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ilinunuliwa na kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya sitini, nao wenye mali wapya hawakutupa lebo na majalada yaliyobaki, bali waliyatumia mpaka yakaisha. Kwa hiyo lebo ya zamani inaweza kuwa imebandikwa juu ya santuri iliyokandamizwa na kiwanda kingine. Ushahidi wenye uzito zaidi umo kwenye ile sehemu tupu baina ya wimbo wa mwisho na lebo. Katika santuri zilizotoka kiwanda cha Plastylite, ambacho kiliifanyia kazi Blue Note mpaka wakati wa mauzo hayo, kuna alama ndogo inayofanana na sikio. Kuna pia herufi RVG au jina VAN GELDER, likimaanisha Rudy Van Gelder, fundi aliyerikodi kazi hizo katika studio yake ya Englewood Cliffs, New Jersey, na aliyechonga mwenyewe sahani ambayo kwayo santuri zilikandamizwa. Ninapoonyeshwa santuri, huiinamisha chini ya taa kabla hata ya kusoma jalada, jambo linalowaudhi wauzaji.

Hata hivyo, kuwa la kwanza hakulifanyi toleo liwe bora masikioni. Santuri ya mwaka 1963 iliyopigwa mara mia nne kwa sindano iliyochakaa imekwisha kupoteza sauti za juu, na toleo la miaka ya sabini lenye herufi RVG, ambalo halikupigwa sana, huweza kuishinda bila taabu. Yale ya Japani yana sifa ya plastiki safi isiyo na mchakaricho na majalada ya kupendeza, nami ninayo kadhaa. Ila mara nyingi yalichongwa kutokana na nakala ya kanda na wala si kanda yenyewe, kwa hiyo ukimya wa uso wa santuri usichanganywe na ukaribu wa muziki. Kuhusu uzito unaosifiwa kwenye matoleo mapya, gramu 180 zinaifanya santuri iwe nzito kuibeba. Zaidi ya hapo sina la kusema.

«Mono ndiyo halisi, sterio ni mapambo»

Kauli hii ni kweli kwa kazi zilizorikodiwa kwa mono, yaani sauti ya njia moja. Kwa kazi za Van Gelder za miaka ya sitini si kweli, kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya hamsini alikuwa akirikodi kwenye kanda ya njia mbili, yaani sterio, na santuri ya mono ilipatikana kwa kuziunganisha njia hizo mbili kuwa moja. Mwenye kuipenda mono hiyo asimamie upendo wake bila kudai kwamba ndiyo chanzo. Cha kuogopwa hasa ni sterio ya bandia: kampuni nyingi wakati huo zilichukua kanda za zamani za mono, zikazigawa kwa vifaa vya elektroniki, kisha zikaandika sterio kwa herufi kubwa.

«Jazi haihaririwi»

Wengi huamini kwamba kila kilichomo kilipigwa kama kilivyo, toka mwanzo hadi mwisho. Zipo kazi za namna hiyo. Ile tamasha ya Keith Jarrett ya tarehe 24 Januari 1975 mjini Köln, Ujerumani, ni piano peke yake mbele ya watu, tena piano isiyokuwa ile iliyotakiwa. A Love Supreme ya Coltrane inakaribia: ilirikodiwa siku moja, tarehe 9 Disemba 1964, ingawa humo mna sauti chache zilizoongezwa juu yake. Lakini katika In a Silent Way ya mwaka 1969, mtayarishaji wake Teo Macero aliufungua na kuufunga upande wa pili kwa kipande kilekile cha kanda, na wengi wameusikiliza maisha yao yote wakidhani Miles Davis na wenzake waliurudia wimbo. Miezi michache baadaye, katika Bitches Brew, wembe na gundi vya kukatia na kuungia kanda vilifanya kazi kubwa zaidi.

«Spiriti husafisha santuri yoyote»

Wenye santuri za taarabu za kale ndio wanaoathirika zaidi. Santuri za kasi ya 78, kama zile alizorikodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia 1928, zimetengenezwa kwa utomvu wa laki, na laki huyeyuka kwa spiriti. Plastiki ya vinili ya miaka ya sitini huistahamili ikiwa imezimuliwa vizuri. Maji yawe yaliyotoneshwa, si ya bomba, maana maji yetu hupita kwenye mawe ya chokaa na huacha unga ndani ya michirizi. Wala santuri ya vinili isipigwe kwenye gramafoni ya babu yenye sindano ya chuma, kwa kuwa mara moja tu inatosha kuiharibu, na sarafu juu ya mkono wa mashine ili isiruke haitibu ila huongeza jeraha.

«Sikio langu linatosha kulinganisha»

Sikio hudanganywa na kitu kimoja chepesi kuliko vyote, nacho ni ukubwa wa sauti. Toleo linalosikika juu zaidi, hata kwa kiasi kidogo, huonekana kuwa na besi nene na matoazi yanayong'ara, na matoleo mengi mapya hukuzwa kwa makusudi. Kabla ya kulinganisha, sauti za nakala zote zisawazishwe, kisha asikilizaye asijue ni ipi inayopigwa.

Mwaka huu nilimwomba mtoto wa ndugu yangu anifanyie hivyo. Nilikuwa na nakala tatu za santuri moja: ya kwanza ya bei ya mbuzi wa kuchinjia arusi, ya pili ya Japani, ya tatu ya miaka ya sabini yenye jalada lililoliwa na kuvu za masika. Nilikaa nimeelekea ukutani, yeye akabadilisha kwa mpangilio autakao, nami nikaandika nambari kwenye karatasi. Mara nne kati ya tano nilichagua ile yenye kuvu. «Ami,» akaniuliza, «sasa ile ya ghali tuiuze?» Bado haijauzwa.