Kabla hujanunua reki ya steringi, omba uoneshwe panapovuja

Usukani ukiwa mzito kwenye Harrier, Kluger au RAV4, mafundi wengi hapa Mwanza huanza kwa kuhukumu reki, ile sehemu ya chini inayosukuma matairi ya mbele yakate kona. Reki ni mali ya laki kadhaa hata ikiwa ya mtumba, na kwa uzoefu wangu wa kazi za steringi na miguu ya gari, mara nyingi inasingiziwa.

Kabla ya yote pima upepo wa matairi ya mbele. Sitanii.

Halafu ujue gari yako ni ya aina gani. Harrier ya 2003, Kluger, X-Trail T30 na CR-V za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina steringi ya haidroliki, yaani pampu, paipu na mafuta. RAV4 iliyotoka mwishoni mwa 2005, Vanguard na X-Trail T31 zinatumia mota ya umeme. Fundi akitaka kuongeza mafuta ya steringi kwenye RAV4 ya 2008, mshukuru, chukua funguo zako uondoke.

Kwenye haidroliki, mafuta yakipungua yamevuja. Hayaungui kama ya injini. Kazi ni kujua yametokea wapi, na hapo ndipo hela za watu zinapopotea. Paipu ya presha iko juu, reki iko chini. Paipu ikichoka kwenye maungio, mafuta yanatiririka mpaka juu ya reki. Fundi anaingia uvunguni, anakuta reki imelowa, anatoka na bei.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyegezi alituletea Kluger akiwa ameshapewa bei hiyo kwingine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa reki imekwisha. Na wewe sema yako."

Tuliiosha reki yote kwa sabuni, tukaikausha kwa upepo wa kompresa. Kijana akawasha gari, akawa anakata usukani kushoto na kulia, mimi niko chini na tochi. Tone la kwanza lilichungulia pale mpira wa paipu unapobanwa na chuma, likateleza na paipu, likadondokea kwenye reki niliyotoka kuikausha. Nikalegeza klipu ya raba buti, ule mpira wenye mikunjo mwishoni mwa reki. Ndani pakavu. Mwalimu akatandika boksi, akapiga magoti, akaangalia mwenyewe. Alilipia paipu.

Sili za ndani ya reki, yaani raba zinazozuia mafuta, zikifa, mafuta hujaa kwenye ile buti. Ukiiminya unayasikia, ukilegeza klipu yanamwagika. Buti ikiwa kavu, usikubali kununua reki kwa sababu ya kuvuja. Kuna sili nyingine juu, shafti ya usukani inapoingilia, ambayo huvujia nje; hata hiyo hubadilishwa yenyewe bila kununua reki nzima. Kinachoua reki kabisa ni buti iliyochanika halafu ikaachwa. Vumbi la barabara za milimani linaingia, wanaopenda kuingiza gari ziwani ili lioshwe wanaongezea maji na mchanga, chuma cha ndani kinapata kutu na vishimo. Hapo hata ukifunga sili mpya, ule ukwaruzo utaikata tena. Buti ni ya bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja.

Pampu nayo inasingiziwa. CR-V hizo zikipiga kelele ya kulia asubuhi, na mafuta kwenye kikopo yana povu, angalia oringi ya paipu inayoingiza mafuta kwenye pampu. Ikikauka inanyonya hewa. Ni kipande kidogo cha raba, na watu wananunulishwa pampu nzima. Honda pia inataka mafuta yake ya steringi, wakati Toyota nyingi za haidroliki zinatumia ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Ila mafuta ya breki usiyaweke kabisa kwenye steringi, hata kwa dharura njiani. Yanavimbisha sili, na hapo reki iliyokuwa nzima inaanza kuvuja kweli.

Kama usukani umekuwa mzito ghafla na taa ya betri imewaka kwa pamoja, fenibelti, mkanda wa mbele ya injini, imekatika au imechomoka. Kwenye injini ya 2AZ ya Harrier na Kluger, mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji ya kupoza injini. Paki, zima, usijikaze mpaka nyumbani. Lakini kama uko kwenye mteremko wa Bugando usizime kwanza: usukani bado umeungana na matairi kwa chuma, utageuka ukitumia nguvu, na injini ikiendelea kuwaka breki zako zinabaki nyepesi. Shuka taratibu hadi pembeni.

Kwenye steringi ya umeme, anza na umeme wenyewe. Mota ikigeuza matairi gari imesimama inaweza kuvuta makumi ya ampea. Injini ikiwaka, mita isome kama volti 13.5 hadi 14.5 kwenye betri. Ikiporomoka ukikata usukani huku AC na taa vimewashwa, angalia altaneta inayochaji betri, vichwa vya betri na waya wa ethi kabla ya kugusa kontrolboksi, yaani kompyuta ya steringi. Na ukiwa kwenye vichochoro vya Isamilo unazungusha usukani mwisho hadi mwisho kutafuta namna ya kugeuza, ukaona umekuwa mzito, huenda kompyuta imepunguza msaada ili mota isiungue. Ukiiacha ipoe na wepesi ukarudi, usinunue kitu.

Kisha mashine ya kupima gari. Kwenye Toyota, kodi (namba ya kosa) C1515 inasema sensa ya steringi haijawekwa sifuri. Matairi yananyooshwa, mikono inatoka kwenye usukani, fundi anaiweka kwa mashine, basi. C1511 hadi C1514 ndizo zinazolenga sensa yenyewe, ile inayopima mkono wako unasukuma kwa nguvu kiasi gani, na kwenye RAV4 imo ndani ya kolamu, ile nguzo inayobeba usukani. Hapo gharama ni ya kweli, ingawa plagi na waya zake zikaguliwe kwanza.

Ukifikia kununua kolamu ya mtumba, chukua namba ya kipande chako cha zamani na namba ya chesisi uende nazo dukani, maana kolamu mbili zinaweza kufanana kwa macho zikakataa kuelewana na gari. Ikague isiwe imepinda, nyingi zimetoka kwenye gari za ajali. Patana na muuzaji kwa maandishi kwamba inarudi isipokubali, na ulize mapema kama fundi atakayeifunga ana mashine ya kuiweka sifuri. Kama hana, tafuta kwanza mwenye nayo, ndipo ulipe.