Saa Tupu Zinazokula Umeme na Afya ya Mfanyakazi

Ilikuwa saa 4 kasoro usiku, katikati ya Juni, tulipoingia kwenye mashine moja ya kusaga na kukoboa huko Uyole. Nje baridi ilikuwa ile ya Mbeya, ya kuvaa koti juu ya koti. Ndani mota ilikuwa inazunguka, mkanda unapiga, na kwenye mdomo wa kinu hapakuwa na hata punje moja ya mahindi. Kijana anayeiendesha alikuwa kwenye chumba kidogo cha pembeni, mlango umefungwa, jiko la mkaa mbele ya miguu yake. Tulipomwita alichelewa kuitika. Alipotoka alisema kichwa kinamgonga tangu jioni. Alidhani ni uchovu, maana alifungua mashine saa 12 asubuhi.

Mwenzangu wa afya kazini alimkalisha kwenye benchi nje, kwenye hewa safi, kisha akatoa jiko na kuuacha mlango wazi. Mimi, mhandisi, nilikwenda kuzima mota. Kila mmoja alishika la fani yake. Njiani tukirudi mjini ndipo tulipoona kwamba tulikuwa tunashughulikia tatizo moja. Mashine ilikuwa inakesha bila kazi, na mtu anakesha nayo. Tangu usiku ule tunaziita saa za namna hiyo saa tupu, na ndizo tunazowaomba wenye biashara wa mikoa yetu wazitafute kwanza.

Tukizungukia wajasiriamali kuanzia Tunduma hadi Iringa, kilio cha kwanza ni kwamba LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakimbia. Wengi wanatuonyesha taa. Taa zina sehemu yake: balbu ya wati 100 ikiwaka saa 10 imemaliza uniti 1, na ya LED ya wati 10 itahitaji saa 100 kufika hapo. Badilisha, ni jambo jema. Lakini kwenye mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao au karakana, umeme mwingi uko kwenye mota. Mota ya kilowati 11 ikibebeshwa kazi kamili inakaribia uniti 12 kwa saa. Ikizungusha kinu na feni bila mahindi haishuki hadi sifuri. Tuseme inakula uniti 3 kwa saa. Saa 3 za kusubiri wateja wa usiku ni uniti 9, na kwa siku 26 za kazi ni uniti 234 ambazo hazikutoa hata kilo moja ya unga.

Kwa nini hakuizima? Kijana alitupa jibu tunalolisikia kila mahali: kuwasha ndiko kunakokula umeme. Kuna ukweli ndani yake. Mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa, mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Lakini hali hiyo ni ya sekunde chache. Hata tukihesabu kwa ukali, sekunde 10 kwa mara 6 ni sawa na dakika 1 ya kazi kamili. Kwa mfano wetu wa juu, mota iliyoachwa tupu kwa dakika 10 imekula zaidi ya mara mbili ya hapo. Hatari ya kuwasha ovyo ni nyingine: kila mwasho hupasha moto nyaya za ndani, na ukiwasha kwa kila debe linaloingia utaiunguza mota. Kwa hiyo kusanya madebe kwanza, washa, saga mfululizo, zima.

Mama mwenye mashine alikuja kutuona kesho yake, na hakuja kwa upole. "Mhandisi, nikifunga saa 2 wateja wangu wanahamia kwa jirani. Watu wanatoka shambani jioni, wewe hujui." Sikubishana naye, kwa sababu wateja wake anawajua yeye. Nilimwomba daftari tu. Kila baada ya saa 2 aandike mambo mawili, uniti zilizobaki kwenye mita na madebe yaliyosagwa. Wiki iliyofuata alilifungua daftari mbele yetu mwenyewe. Asubuhi na alasiri madebe yalikuwa yamepangana mstari hadi mstari. Baada ya saa 2 usiku kulikuwa na debe 1, debe 2, na siku nyingine nafasi nyeupe, huku uniti zikiendelea kushuka. Alinyamaza akifuatisha mistari kwa kidole. Jumla ya umeme wa mwezi haikuonyeshi jambo hili, kwa sababu inachanganya saa nzuri na saa mbaya pamoja. Kipimo cha kweli cha biashara hii ni uniti kwa debe.

Ukishaanza kuandika, daftari litakuonyesha na mengine. Uniti kwa debe zikipanda bila sababu, tazama kama nyundo za kinu zimekwisha makali, kama chekeche limeziba, kama mkanda umelegea na unateleza juu ya puli, au kama wateja wameanza kuleta mahindi ambayo hayajakauka vizuri. Beringi isiyo na grisi nayo ni mzigo. Haya ni matengenezo ya nusu siku.

Sasa nirudi kwa kijana, kwa sababu mota inaweza kusukwa upya na yeye hawezi. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku ni saa 16. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha siku 6 na saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na hata kukiwa na kazi ya ziada siku nzima haitakiwi kupita saa 12. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika wiki 4, na hulipwa angalau mara moja na nusu. Mtu akifanya kazi saa 5 mfululizo anastahili kupumzika dakika 60. Wengine wanazichukulia namba hizi kama maneno ya mahakamani. Ninazisoma pia kama namba za mwili.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu ya pamoja. Ukilinganisha na anayefanya kazi saa 35 hadi 40 kwa wiki, anayefikisha saa 55 au zaidi ana hatari kubwa zaidi kwa asilimia 35 ya kupata kiharusi, na asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba. Kijana wa Uyole alikuwa anafikisha saa 55 kabla hajamaliza siku ya nne. Na kama aliamka saa 11 alfajiri, basi tulipomkuta alikuwa macho saa 17. Majaribio yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda huo huitikia mambo kwa uzito wa mtu aliyekunywa pombe. Ndiye tunayemweka karibu na mkanda unaozunguka bila kifuniko.

Kelele na vumbi navyo vinahesabika kwa saa. Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda salama katikati: kwenye desibeli 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2. Kinu cha nyundo kwa kawaida kimekwisha pita hapo. Anayebaki hapo saa 16 bila vizibo vya masikio anamalizia usikivu wake pole pole, na hautarudi. Vumbi la unga nalo linahitaji muda wa mapafu kujisafisha, na muda huo ni ule wa kuwa mbali na kinu.

Kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga uhusiano huu nimeuona kwa macho. Ukibana waya wa mota kwa kipimo cha mkondo, namba inapanda kadiri msumeno unavyopoteza makali. Jioni, watu wamechoka, hakuna anayetaka kusimamisha kazi ili kunoa. Wanachofanya ni kusukuma gogo kwa nguvu zaidi. Mota inakula zaidi, mbao zinatoka zimepinda, na mikono iko karibu zaidi na meno ya msumeno kuliko ilivyokuwa asubuhi. Msumeno unolewe kwa ratiba, kabla mchoko haujaanza kuamua.

Si kila kazi ya usiku ni saa tupu. Jani la chai la Tukuyu au Mufindi likichumwa mchana haliwezi kuambiwa lisubiri. Linanyaushwa usiku kucha kwa feni. Hapo ushauri ni mwingine. Feni zikifungwa kifaa cha kurekebisha mwendo, kushusha mwendo hadi asilimia 80 jani linapokaribia kuwa tayari hupunguza umeme wa feni hadi karibu nusu. Kwa wafanyakazi, zamu zizunguke kwenda mbele, asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, na mtu asipewe usiku mwingi mfululizo. Kazi za hatari zisipangwe kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, wakati joto la mwili limeshuka na usingizi una nguvu zote. Anayerudi nyumbani asubuhi azibe dirisha kwa blanketi zito, na familia imheshimu kama ambavyo ingemheshimu anayelala usiku. Sheria inampa pia nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Na lile jiko. Naomba walinzi, waoka mikate na wote wanaokesha kwenye baridi ya Mbeya, Njombe na Makete wanisikilize hapa. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi, ndio watu wanaouamini na kuuingiza ndani. Huo huo unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi. Mtu akilala hapo anaweza asiamke. Jenereta ndani ya chumba ni sumu ile ile. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Mpe mlinzi koti zito, blanketi na chai ya chupa. Jiko libaki nje.

Kijana wa Uyole alipelekwa kituo cha afya usiku ule ule, na baada ya siku chache alirudi kazini. Mama aliweka kijana wa pili, wanapokezana saa 7 mchana. Nilipopita tena mwezi Agosti, mlangoni kulikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: "Mwisho wa kupokea mahindi saa 1 usiku. Ukichelewa acha debe lako, utalikuta limesagwa asubuhi." Chini yake madebe 6 yalikuwa yamepangwa, kila moja na jina la mwenyewe kwenye karatasi, na mota ilikuwa imezimwa.