Usiulize Treni Itafika Saa Ngapi, Uliza Inangoja Nini

Juzi asubuhi mpwa wangu alinipigia simu akiwa stesheni moja ya huku kwetu Nyanda za Juu, sauti imejaa hasira. "Shikamoo mjomba. Treni bado haijafika, na barabara ya lami ninaiona hapa, mabasi yanapita. Niondoke?"

"Marahaba. Inangoja nini?"

Akanyamaza. "Sasa mjomba, mimi nitajuaje inangoja nini?"

Nikamwambia aende kwenye chumba cha mkuu wa stesheni, asalimie kama mtu aliyelelewa, aulize hilo hilo, kisha anipigie tena. Nimekuwa gadi wa treni za abiria, yaani msimamizi wa treni ikiwa safarini, kwa miaka mingi kabla sijastaafu na kurudi Uyole, Mbeya, kulima viazi, na kama kuna jambo moja ningependa abiria wote walijue ni hilo swali. Ukiuliza "tutafika saa ngapi" utapewa jibu la kukutuliza. Ukiuliza "tunangoja nini" utapewa sababu, na kila sababu ina urefu wake.

Reli ya Tazara ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na ni njia moja. Treni ya kwenda na treni ya kurudi zinatumia chuma kile kile, kwa hiyo zinapishana stesheni tu, penye njia ya pembeni: mmoja anaingia pembeni, anatulia, mwenzake anapita. Ratiba nzima imejengwa juu ya makutano hayo. Sasa treni yako ikichelewa saa moja tu huko nyuma, makutano yaliyopangwa stesheni fulani yanahamia nyingine, na huenda treni ya mizigo iliyokuwa ikusubiri imeshapewa ruhusa ya kuingia kwenye kipande cha njia ulichokitaka wewe. Hapo huna la kufanya, unaisubiri itoke. Treni iliyochelewa hupoteza zamu yake, na kila zamu inayopotea inazaa nyingine, kama deni la dukani.

Halafu kuna mlima. Kutoka Mlimba, kule bondeni Kilombero kwenye joto na mpunga, hadi Makambako ni kama kilomita 150 za kupanda tu. Ndicho kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, kimejaa madaraja na mahandaki, na mvua za masika zikikolea, udongo wa kingo unalegea. Treni ndefu ya mizigo inapanda pale taratibu kama mzee mwenye mzigo wa kuni, nawe uliye nyuma yake unapanda kwa mwendo wake. Hata ukishafika Makambako kupanda hakujaisha, maana sehemu ya juu kabisa ya reli yote iko hapa Uyole, mita 1,789. Nikiwa shambani nasikia injini inavyobadilisha sauti ikifika hapo, na mpaka leo mkono unaenda mfukoni kutafuta filimbi.

Sasa, utajuaje inangoja nini bila kumsumbua mtu? Angalia mliposimama. Kama mko stesheni, kwenye njia ya pembeni, na injini inanguruma, mnapishana na mtu: dakika ishirini, pengine saa moja. Kama mmesimama porini na unaona wafanyakazi wanatembea kando ya mabehewa wakiinama kila baada ya hatua chache, wanakagua breki au kiungo cha behewa, na mara nyingi hilo halifiki saa moja. Injini ikizimwa, porini, kimya hata unasikia nyenje, hiyo ni habari nyingine. Kichwa cha treni, yaani injini, kikifa lazima kije kingine, tena kwenye njia hiyo hiyo moja, kwa hiyo hesabu umbali hadi mahali penye karakana, kama Mbeya, uongeze na muda wa kukiunganisha. Mkiambiwa njia imefungwa huko mbele, yaani treni ya mizigo imeacha reli au ukingo umeporomoka, usihesabu kwa saa. Hesabu kwa milo.

Alama niliyoiamini kuliko zote ni mpishi wa behewa la chakula. Yeye husikia mazungumzo ya wafanyakazi kabla yetu sote. Ukimwona ametoa ungo na ameanza kuchagua mchele wakati sio wa chakula, tandika shuka.

Nilijifunza kusema ukweli kuhusu haya kwa aibu. Nilikuwa kijana, miaka michache kazini, tumesimama milimani usiku wa mvua, njia mbele ina tope. Sikujua tutakaa muda gani. Nikapita mabehewani na tochi yangu nikisema kwa kujiamini, "Nusu saa tu, ndugu abiria, nusu saa tu." Baada ya nusu saa nikapita tena na nusu saa nyingine. Kwenye behewa la daraja la tatu kulikuwa na mama mmoja wa Kibena aliyekaa na mjukuu mapajani. Kila nikipita alimfunga mtoto kanga, akakusanya vikapu vyake viwili, akakaa ukingoni mwa benchi tayari kwa safari. Mara ya nne au ya tano alinishika mkono, hana hasira hata kidogo. "Mwanangu, ungesema hujui, ningelala." Tuliondoka pale karibu na mapambazuko. Nilishindwa kumtazama.

Tangu siku hiyo nilisema ninachokijua: tunangoja treni ya mizigo, iko stesheni ya mbele, haijaondoka. Watu wanalichukua hilo vizuri kuliko unavyodhani. Mtu mzima akijua sababu anapanga mwenyewe muda wake.

Suala la kushuka na kupanda basi linategemea mahali, na hapa nina msimamo mkali. Kati ya Mlimba na Makambako usishuke. Huko barabara kuu haipo karibu, utaachwa na mizigo yako kwenye stesheni ndogo ukiitazama treni ikiondoka. Kuanzia Makambako hadi Mbeya mambo ni tofauti, reli na barabara kuu ya Tunduma zinafuatana, Rujewa, Chimala, unaweza kuchagua. Makambako pia ndipo watu wa Njombe wanaposhuka, na wa Iringa, ambao reli haikupita kwao. Lakini ukishaondoka kwenye treni usitegemee kurudishiwa nauli ya kipande kilichobaki kabla hujamuuliza mkuu wa stesheni, na umuulize kabla ya kushusha begi, sio baada.

Tuje kwenye kukaa, maana ucheleweshaji wa saa sita ukiwa kitandani na ule wa saa sita ukiwa kwenye benchi ni vitu viwili tofauti kabisa. Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili kulala ni vitanda sita, kisha kuna viti vya daraja la pili na daraja la tatu. Vyumba vya kulala hugawanywa wanaume kwao, wanawake kwao, labda mkate tiketi za chumba chote kama familia. Wengi hawalijui hili mpaka mke ameelekezwa behewa moja na mume jingine, ugomvi unaanzia hapo na gadi ndiye hakimu. Mkiwa wanne, kateni chumba cha vinne, mmemaliza.

Kama unaruhusiwa kuchagua, omba chumba cha katikati ya behewa. Magurudumu yako kwenye miisho, kwa hiyo mtikisiko mkubwa uko huko, na choo kiko huko, na mlango unaobamizwa usiku kucha uko huko. Treni ikisimama saa nyingi, choo ndicho kinachoharibika kwanza, na chumba cha jirani yake ndicho kinachojua.

Kitanda cha chini kila mtu anakitaka, lakini fahamu unachonunua: mchana hicho ni benchi la chumba kizima. Kitanda cha kati kikikunjwa, wenzako wote wanakaa kwako, na wana haki. Kitanda cha juu kina joto bondeni na dari liko karibu na pua, ila hakuna atakayekuamsha umpishe, na mzigo wako uko kichwani pako. Mimi nikisafiri peke yangu nalala juu. Ustaarabu tuliouzoea ni kwamba mzee, mjamzito au mwenye mtoto hupewa cha chini hata kama tiketi inasema vingine, na hubadilishana wenyewe, bila kuniita. Usiku funga dirisha treni inaposimama. Mkono wa mwizi hauhitaji tiketi.

Kwa wa viti: ukitoka Dar, milima ya Udzungwa iko kulia kwako, bonde la Kilombero kushoto, ukitoka Mbeya ni kinyume chake. Na beba sweta. Kila mwaka mwezi wa sita na wa saba niliona vijana waliopanda Dar na fulana wakiamka Makambako meno yanagongana, wanauliza kama tumeshafika Ulaya.

Migogoro mingi ya "umekaa kwenye kiti changu" niliyoamua haikuwa ya tiketi mbili za kiti kimoja. Ilikuwa ya macho. Tiketi ina namba ya behewa na namba ya kiti, watu wanasoma ya pili wanaisahau ya kwanza. Kiti namba 14 kipo kila behewa. Mwingine amekosea tarehe: treni inaondoka Dar leo, kwetu inapita kesho, na ukipanda baada ya saa 6 usiku siku imeshageuka. Uliza tarehe ya kupanda ni ipi hapo unapopandia. Na wengine wamekosea saa. Ukiona 08:00 kwenye tiketi ni saa 2 asubuhi, siyo saa 8. Nimeshamwona mwalimu wa hesabu amefika saa 8 mchana, amevaa tai, anauliza mbona stesheni imelala. Wanaokwenda mbele ya Tunduma waongeze na hili: Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa 8 ya Tunduma ni saa 7 ya Nakonde ng'ambo tu ya mpaka, kwa hiyo anayekupokea kule asipoambiwa unatumia saa ya nchi gani, atakulaumu kwa saa nzima ambayo haipo.

Mpwa wangu alipiga simu baada ya robo saa. "Mjomba, mkuu wa stesheni anasema inapishana na treni ya makontena, stesheni ya pili kutoka hapa. Makontena yakipita hapa, yenyewe inafuata baada ya dakika kama arobaini."

"Basi kaa. Kanunue mahindi."

Mchana akanitumia picha ya mabehewa ya makontena yakipita, kisha kimya kirefu. Jioni ukaingia ujumbe: "Nimepata kitanda cha chini ila kuna bibi amekalia na mabegi yake, analala. Nimwamshe?"

Nikamwandikia: "Panda juu."