Vuli ya Utah na Nevada: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vuli tuliyoizoea Waswahili ni mvua, zile za Oktoba hadi Desemba zinazowapa watu wa pwani na wa kaskazini nafasi ya kupanda tena. Huku Utah, Marekani, ninakoishi mwaka wa kumi na moja sasa, neno hilo hilo tunalitumia kwa majira ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Ikifika Septemba simu zinaanza. Ndugu na marafiki wa Minnesota, wa Texas, hata wa Dar, wanataka kuja tuzunguke milimani na jangwani kwa gari. Wanakuja na maneno waliyoyasikia huko na huko. Mengi si ya kweli, na machache yanaweza kumtoa mtu roho. Karibu yote yana chanzo kimoja: mtu anasoma ramani kwa umbali tu, anasahau kimo.

"Ni jangwa, kwa hiyo kuna joto"

Neno jangwa linaleta picha ya mchanga na ngamia. Hili la hapa ni jingine. Great Basin, eneo linaloshika karibu Nevada yote na magharibi ya Utah, ni jangwa la baridi, na sehemu kubwa ya unyevu wake huja kama theluji. Safu ya milima ya Sierra Nevada inayakamua mawingu yanayotoka Pasifiki, yakishavuka upande wa mashariki yamebaki makavu. Maji machache yanayopatikana hayafiki baharini kamwe. Yanaishia bondeni, kwenye maziwa ya chumvi, kama yanavyoishia ya Natron na Eyasi kwetu. Mji wa Ely, Nevada, uko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Hapo ni juu kuliko Nairobi, karibu sawa na Njombe.

Nimekulia Makete, kwa hiyo sakitu naijua, nimeiona ikibabua majani ya viazi mwezi wa saba. Hata hivyo, Oktoba ya kwanza nilipolala nje karibu na kijiji cha Baker, chini ya mlima Wheeler Peak, nilikuwa nimejiandaa kwa jangwa la kwenye picha. Mchana tulikaa na fulana. Alfajiri dumu letu la maji lilikuwa limeshika barafu, na mwanangu hakulala kwa baridi. Hilo bado linaniuma, kwa sababu blanketi za kutosha zilibaki nyumbani.

Sababu yake si ngumu. Hewa kavu isiyo na mawingu haina cha kulizuia joto la ardhi, likizama jua linapaa lote. Tofauti ya nyuzi 20 za Selsiasi kati ya mchana na usiku ni jambo la kawaida. Juu ya hilo ongeza kimo: kila ukipanda mita 1,000 unapoteza takriban nyuzi 6.5. Kutoka Baker, kwenye mita 1,600 hivi, barabara ya Wheeler Peak inapanda hadi karibu mita 3,000. Yaani katika mwendo wa chini ya saa moja umeacha nyuzi tisa nyuma yako. Ukija Oktoba, begi la kulalia liwe la chini ya sifuri, hata kama utabiri wa mjini unasema kuna jua.

"Baridi ndiyo inayogeuza majani, na wakati wake ni Oktoba"

Hapa ndipo wageni wangu wengi wanapokosea tarehe, na inanisikitisha mtu akisafiri maili elfu kuja kukuta matawi matupu. Kinachouanzisha mgeuko ni siku kufupika. Mti ukihisi mwanga unapungua, unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Kijani kikiondoka, manjano ya karotenoidi, ambayo ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, inaonekana. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo hutengenezwa upya wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Usiku wa ubaridi wa wastani na mchana wa jua huzing'arisha rangi, lakini sakitu kali ya mapema huliua jani likawa kahawia kabla ya wakati.

Rangi nayo haifuati kalenda moja. Inashuka mlima. Miti ya aspeni ya juu, kwenye mita 2,700 na zaidi, hugeuka dhahabu kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Wiki mbili tatu baadaye zamu ni ya miti ya kottonwudi, ile minene inayofuata kingo za mito mabondeni. Kwa hiyo ukichelewa usikate tamaa, shuka tu. Barabara ya 12 ya Utah inalionyesha hili vizuri kuliko nyingine ninayoijua. Kutoka Torrey inapanda Boulder Mountain hadi mita 2,900 hivi katikati ya aspeni, kisha inateremka kwenye miamba mitupu ya Escalante, ambako kijani cha mtoni bado hakijaguswa. Siku moja, majira mawili.

Na kuna wanaodhani aspeni ni miti mingi tu iliyosongamana. Karibu na Fish Lake, katikati ya Utah, kuna kichaka kiitwacho Pando: hekta 43 hivi, mashina kama 47,000, na yote ni mti mmoja. Mashina yanachipua kutoka kwenye mfumo mmoja wa mizizi, yana chembe za urithi zile zile. Ukisimama ndani yake vuli, upepo mdogo tu unatosha kuyatetemesha majani, kwa sababu kikonyo cha jani la aspeni ni bapa. Pando ina shida. Kulungu na ng'ombe wanakula machipukizi, mashina ya zamani yanakufa bila kurithiwa, ndiyo maana sehemu yake imezungushiwa uzio. Ukikuta geti, lifunge nyuma yako.

"Gari ni fo-wili, hakuna pa kukwama"

Shemeji yangu aliniambia hivyo hivyo tukiwa tumesimama mwanzo wa Cottonwood Canyon Road, barabara ya vumbi inayokatiza kusini mwa Utah kwa zaidi ya kilomita 70. "Shemeji, gari linavuta miguu yote minne, unaogopa nini?" Barabara ilikuwa kavu, imechongwa vizuri, hata gari dogo lingepita. Kusini kulikuwa na wingu jeusi.

Nilikataa, naye alinuna mpaka jioni. Lakini udongo wa pale ninaujua ukoo wake. Kuna bentonaiti ndani yake, mfinyanzi uliotokana na majivu ya volkano ya mamilioni ya miaka iliyopita, nao unahusiana na ule udongo mweusi wa mbuga tunaoufahamu Shinyanga na Serengeti. Ukilowa unavimba, unakuwa laini kama sabuni, unajaza kashata za tairi mpaka tairi linakuwa mviringo mtupu. Hapo magurudumu manne yanayovuta yanateleza yote manne kwa pamoja. Mamlaka zenyewe zinasema wazi kwamba barabara hiyo ikilowa haipitiki, hata kwa fo-wili. Ukikwama, aliyebobea kuvuta magari atakuja siku udongo utakapomruhusu, na bili yake inaweza kuzidi dola 1,000. Dawa ni kusubiri. Jua la siku moja au mbili mara nyingi hulikausha tope, na ukisubiri huachi nyuma mifereji itakayowatesa wengine.

Wingu la mbali lina jambo jingine. Mvua za kiangazi huku huendelea mpaka Septemba, na korongo linaweza kujaa maji wakati juu yako mbingu ni buluu, kwa sababu mvua imenyesha kilomita nyingi juu ya mkondo. Ukiona maji yanageuka rangi au unasikia mngurumo, panda juu, gari liache.

Na fo-wili haikusaidii kusimama. Inakusaidia kuondoka. Kwenye barafu kinachosimamisha gari ni tairi, na tairi la kawaida huanza kuwa gumu na kushika vibaya joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Huko Colorado, kwenye sehemu ya milimani ya barabara kuu ya I-70, sheria inayodai tairi zinazofaa au minyororo inaanza tarehe 1 Septemba na kuisha 31 Mei. Septemba, wakati wengine bado wanaogelea.

Mambo ya mafuta nayapitia haraka. Si kweli kwamba kila barabara kuu ina sheli karibu. Kwenye hiyo hiyo I-70, kati ya Green River na Salina hapa Utah, kuna takriban kilomita 175 bila huduma yoyote. Barabara ya 50 ya Nevada, ambayo jarida la Life mwaka 1986 liliiita barabara ya upweke kuliko zote Marekani, inakupa Austin, Eureka na Ely, na kati yao zaidi ya kilomita mia moja kila mara. Jaza tangi likiwa nusu. Na ile petroli ya bei nafuu yenye oktani 85 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati ndani ya injini) utakayoiona kwenye pampu za miji ya juu, watu husema inafaa kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki enzi za injini za kabureta. Magari ya sasa yanapima hewa yenyewe kwa kompyuta, na watengenezaji wengi wanataka isipungue 87. Utashuka bondeni na mafuta yale yale uliyojaza juu.

Presha ya tairi nayo ipime asubuhi: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, presha hupungua kama psi moja. Ramani ya simu nayo inaona njia lakini haioni kufuli. Barabara ya Mirror Lake, inayofika mita 3,266, hufungwa na theluji, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Mei. Uliza hali ya barabara kabla ya kuondoka, pakua ramani ya kutumia bila mtandao, mwachie mtu ratiba yako. Ukikwama usiliache gari ukaanza kutembea. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

"Ni pori tupu, halina mwenyewe"

Ardhi tupu sijaiona huku. Karibu asilimia 80 ya Nevada iko mikononi mwa serikali ya shirikisho, na sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi bure, kwa kawaida hadi siku 14. Lakini kabla ya serikali palikuwa na wenyewe, na bado wapo: Washoshone, Wapaiute, Wagoshute, Waute. Mkataba wa Ruby Valley wa 1863 uliwapa walowezi ruhusa ya kupita katika nchi ya Washoshone wa Magharibi. Haukuwauzia ardhi. Mwaka 1979 serikali iliwatengea fidia ya dola milioni 26 na wao wakakataa kuipokea. Michoro utakayoikuta kwenye miamba ni ya watu wenye wajukuu. Usiiguse, usiokote kigae.

Hata udongo una uhai. Ule ukoko mweusi wenye vichuguu vidogo kusini mwa Utah ni jamii ya sianobakteria, kuvu na mimea midogo inayoushikilia mchanga usipeperuke. Nyayo moja inaweza kuchukua miongo kupona. Pita njiani, au kwenye mwamba, au kwenye mchanga wa mkondo mkavu.

Ng'ombe nao wana haki. Nevada ina maeneo makubwa ya malisho wazi yasiyo na uzio, na ukimgonga ng'ombe barabarani huko, mfugaji hana kosa kisheria. Kulungu ni hatari zaidi vuli, maana ni wakati wao wa kupandana na kushuka mabondeni, na hupenda kuvuka barabara jua likizama na alfajiri. Oktoba pia ni msimu wa uwindaji wa bunduki, kwa hiyo ukitembea msituni vaa rangi ya chungwa kali, na watoto pia.

"Majani yakianguka msimu umeisha"

Wanaosema hivyo hawajafika Fruita, ndani ya hifadhi ya Capitol Reef, mwishoni mwa Oktoba, wakati kottonwudi zinawaka manjano mbele ya ukuta wa mwamba mwekundu. Bustani za matunda zilizopandwa na walowezi Wamormoni bado zipo, na matofaa yakiiva mgeni huruhusiwa kuyachuma. Novemba ninaipenda zaidi. Watu wameondoka, theluji iko vileleni tu. Ila mabomba ya kambini yamefungwa yasipasuke, kwa hiyo maji njoo nayo.

Kinachowashangaza wageni kutoka nyumbani ni jua. Sisi tumezoea lizame saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na katikati ya mwezi huo, Ely, jua linazama karibu saa kumi na nusu. Mimi hutafuta pa kulala saa tisa. Tunapika mapema, tunavaa kila tulichonacho, na kabla ya saa kumi na mbili Kilimia kimeshachomoza mashariki, juu ya milima ya Utah.