Kuficha nywila kwenye usambazaji wa programu unaojiendesha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nikifuta faili lenye nywila kwenye repozitori (ghala la msimbo), nywila imetoka.

Haijatoka. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, hutunza kila toleo. Kama faili liliitwa `.env`, andika `git log -p -- .env` uione ikiwa nzima. Kila aliyewahi kunakili repozitori anayo kwenye mashine yake, hata kama repozitori ni ya faragha. Anza kwa kubadilisha nywila kule inakotumika, iwe hifadhidata au seva, ndipo usafishe historia kwa `git filter-repo`. Wengi hufanya kinyume: wanahangaika na historia huku nywila ileile ingali inakubaliwa.

Dhana: Secret ya Kubernetes (sehemu ambamo mfumo huo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi huweka siri) imesimbwa.

Ni base64 tu, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na base64 haina ufunguo. `echo bmVub3Npcmk= | base64 -d` humpa yeyote neno `nenosiri`. Ndani ya etcd, hifadhidata ya Kubernetes, nako hukaa wazi mpaka uiwekee seva ya API faili la EncryptionConfiguration, linaloiagiza isimbe data. Ukishaliweka, Secret za zamani hubaki vilevile hadi ziandikwe upya: `kubectl get secrets -A -o json | kubectl replace -f -`. Hatua hii ndiyo husahaulika.

Dhana: Nikinakili tokeni (siri ya kuingilia huduma) kwenye imeji ya Docker (kifurushi cha programu) kisha nikaifuta kwa `rm`, hakuna atakayeiona.

Kila COPY na kila RUN kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, hutengeneza tabaka lake. `rm` huficha faili kwenye tabaka la juu. La chini bado linalo, na mwenye imeji hulitoa kwa `docker save` na `tar`. ENV, yaani kigezo cha mazingira, nayo si kimbilio, kwani `docker history` huianika. Tumia `RUN --mount=type=secret,id=tokeni`, na ujenge kwa `docker build --secret id=tokeni,src=tokeni.txt .` Siri itasomeka kwenye `/run/secrets/tokeni` wakati wa hatua hiyo tu. Liandike pia `tokeni.txt` kwenye `.dockerignore`, orodha ya mafaili yasiyonakiliwa, la sivyo `COPY . .` italizoa na kazi yote iwe bure.

Dhana: Logi (kumbukumbu za kazi) huficha nywila zenyewe kwa nyota.

GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi zinazojiendesha, huficha thamani ileile uliyoisajili. Skripti ikiigeuza kuwa umbo lingine, au ukisajili JSON nzima kama siri moja kisha ukachomoa kipande, kinachotoka kinaweza kuchapwa wazi. Sajili kila siri peke yake; thamani inayozaliwa njiani ipitishe kwenye `::add-mask::`, amri ya kuificha kwenye logi, kabla haijatumika.

Dhana: Ansible Vault inatosha.

Ansible ni zana ya kuendesha kazi kwenye seva, na Vault yake husimba na kulinda faili likiwa kwenye diski. Kazi ikianza, nywila huwa wazi, na ikishindwa au ukiendesha kwa `-v` (hali ya maelezo mengi), inaweza kuchapwa. Weka `no_log: true` kwenye kazi zinazogusa siri pekee, ukiiweka kila mahali, hata ujumbe wa kosa hutauona.

Dhana: Kuiandika nywila kwenye amri ni sawa, ni sekunde moja tu.

Linux nyingi humwonyesha mtumiaji yeyote wa mashine amri za wenzake kupitia `ps aux`, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa. Pitisha nywila kwa ingizo sanifu, kama `docker login --password-stdin` inavyoruhusu.