Sindano ya protini ya kansa haijaanza kuuzwa popote

Simu tunazopokea siku hizi ni zilezile, mtu kaona video WhatsApp anauliza ile sindano ya protini inayozima jeni ya kansa inapatikana wapi na shilingi ngapi. Ndugu zangu, bado iko kwenye majaribio, haiuzwi. Na jamani, protini hapa sio unga wa kopo wala mayai, protini ukiila tumbo linaimeng'enya, ndio maana hii inapitishwa kwa dripu kwenye mshipa.

Jeni yenyewe ni MYC. Ndiyo iko nyuma ya ile kansa ya uvimbe wa taya za watoto ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 akiwa Kampala, mara nyingi kipande cha kromosomu namba 8 chenye MYC kinahamia namba 14, basi inawaka bila kuzimwa na seli zinagawanyika mfululizo. Vidonge vimeshindwa miaka mingi kwa sababu protini ya MYC haina umbo lililotulia wala kishimo cha dawa kujishikiza, ni kumshika kambale kwa mikono mitupu.

Mtafiti Laura Soucek na wenzake mwaka 1998 wakachukua kipande cha MYC yenyewe, wakabadilisha asidi amino nne, yaani vijenzi vinne vya protini, wakapata Omomyc, ndiyo protini ya sindano hii. MYC bila protini mwenzake MAX haikai kwenye DNA, sasa Omomyc inamchukua MAX na kukalia ile nafasi. Wengi waliamini haiwezi kupenya seli, mwaka 2019 kundi lake la Barcelona likaonyesha inapenya yenyewe. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilikuwa na wagonjwa 22 wenye kansa iliyosambaa, dripu kila wiki, na kati ya 12 ambao picha zao za CT ziliweza kutathminiwa, 8 uvimbe ulitulia kwa muda. Ulitulia, sijasema walipona.

Hapa Tanzania dawa ya majaribio mgonjwa hainunui. Mtafiti anaomba kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, halafu kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndipo mgonjwa anaelezwa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, anasaini, anabaki na nakala yake, na akitaka kujitoa anajitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Anayekuuzia kichupa nje ya hapo anavunja Sheria ya Dawa, Sura 219, adhabu yake faini au jela au vyote viwili. Usikitupe, tunza risiti na lebo, ripoti ofisi ya TMDA ya kanda yako.

Kinachoniuma ni mtoto kukalishwa nyumbani akisubiri hiyo sindano. Ile kansa ya taya, inayoitwa Burkitt, inaweza kukua maradufu ndani ya siku mbili, lakini ikiwahiwa inaitika vizuri kwa kemo hizihizi tulizonazo. Shavu likivimba na meno ya upande huo yakaanza kulegea, mzazi usiishie kung'oa jino, wiki hiyohiyo mpeleke Muhimbili, Bugando au KCMC na omba kinyama kikatwe kipimwe.