Kunakili asidi nukleiki kwa kiolezo bila vimeng'enya: maana yake

Viumbe vyote tunavyovijua hunakili DNA na RNA zao, yaani asidi nukleiki, nyuzi zinazobeba maelekezo ya urithi, kwa msaada wa vimeng'enya, yaani vichochezi vya kemia ya uhai, na vimeng'enya hivyo, ambavyo kwa sehemu kubwa ni protini, huundwa kwa kufuata maelekezo yaliyomo katika nyuzi zile zile zinazonakiliwa. Basi kabla ya kuwapo kimeng'enya chochote, uzi wa kwanza ulinakiliwaje? Dhana ya kunakili kwa kiolezo bila vimeng'enya imezaliwa na swali hilo: ni uzi mpya kujengeka juu ya uzi wa zamani kwa nguvu za kemia peke yake.

Kiolezo ni ule uzi wa zamani. Kila nukleotidi yake, yaani kiungo kimoja cha uzi chenye sukari, fosfati na moja ya herufi nne, huvuta mwenzi wake: sitosini huvuta guanini, adenini huvuta urasili. Lakini kukaa jirani si kuungana. Fosfati ya kawaida haijifungi kwa urahisi kwenye sukari ya jirani, kwa hiyo wanakemia huipachika kwanza kipande chepesi kubanduka, kama vile methili-imidazoli; kinapobanduka, sukari ya nukleotidi iliyotangulia huishika fosfati pale pale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakemia Leslie Orgel na Tan Inoue, katika Taasisi ya Salk huko California, walichukua nyuzi za sitosini tupu, wakaziweka pamoja na guanini zilizoandaliwa hivyo, wakapata minyororo ya makumi ya guanini. Kwa maoni yangu, jaribio hili ndilo linaloonyesha vizuri zaidi mafanikio na ugumu kwa pamoja, kwa sababu nakala ile haikufaa kuwa kiolezo kwa zamu yake: nyuzi za guanini tupu hushikana zenyewe kwa zenyewe, na sitosini zikakosa pa kukaa. Hata uzi wenye herufi mchanganyiko una taabu yake, maana nakala hung'ang'ania kiolezo, na zikitenganishwa kwa joto hurudiana mara zinapopoa, kabla nukleotidi mpya hazijawahi kuungana.

Ipo pia taabu ya magnesi. Ayoni zake, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, huharakisha kuungana kwa nukleotidi, lakini hizo hizo hukatakata RNA na kuvunja vifuko vya asidi za mafuta vinavyodhaniwa kufanana na seli za awali. Mwaka 2013 wanasayansi Katarzyna Adamala na Jack Szostak waliongeza sitrati, chumvi itokanayo na asidi ya ndimu, ikaishika magnesi kiasi cha kuvinusuru vifuko, huku RNA ikiendelea kunakiliwa ndani yake.